Sonde Mbili za Gari la Mwalimu

Tata, baba yangu mpenzi,

Jambo sana kutoka Kolwezi. Mguu wako unaendeleaje? Umekubali mkongojo, au bado unatembea kwa ukaidi ukijishikilia ukutani? Na Mama, presha imeshuka? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Ila moyo umevunjika, Tata, na safari hii sitakuficha.

Mwezi huu mwalimu wa shule ya msingi, Mama Charlotte, alileta gari lake kwenye garaji ninapofanya kazi. Taa ya injini ilikuwa inawaka, moshi mweusi, na petroli inakwisha upesi mno. Tukachomeka skana. Ikataja sonde, kile kidude kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili kupima hewa na kuijulisha injini iongeze petroli au ipunguze. Nikaifungua, nikaikuta nyeusi tititi. Nikasema mchawi ndiye huyu. Nikafunga mpya, nikafuta taa, mama akaondoka anacheka.

Baada ya siku tatu akarudi, taa inawaka. Nikadhani ile sonde ni ya bandia, nikafunga nyingine. Akarudi tena, asubuhi, injini bado baridi. Hakuzima gari.

“Fundi, hauko nasikia? Iko nalia tshi-tshi-tshi, hapa chini.”

“Niko nasikia, mama. Ni sonde tu.”

“Apana. Mi si fundi, lakini batu bote hapa beko nasikia.”

Tata, sikuwa nasikia chochote. Niliinama mpaka sikio likakaribia kugusa bomba, kimya. Patroni, mwenye garaji, ndiye aliyekuja akapitisha kiganja, akanionyesha ufa kwenye bomba, kabla ya kufika kwenye sonde. Hewa ya nje ilikuwa inaingia hapo na kuidanganya sonde, na injini inazidi kumwaga petroli. Yule mama nilimbadilishia sonde mara mbili, na pengine ile ya kwanza ilikuwa nzima. Wewe ungeusikia ufa ule ukiwa umekaa barazani. Ndivyo ulivyonifundisha, kusikiliza kwanza, spana baadaye.

Sasa niungame. Nilikuambia kwamba nilipofika huku niliingia garaji moja kwa moja. Nilidanganya. Miaka miwili nilichimba kobalti katika mtaa wa Kasulo, chini ya sebule ya mwenye nyumba wangu, nimeshika mashine ya kutoboa mawe katika shimo lisilotosha watu wawili. Ulinikataza mashimo, nikaapa, nikaingia. Kelele ile ilikula masikio yangu kidogo kidogo, nami nikajifanya sijui. Daktari amenipima. Anasema kilichokufa mle ndani hakifufuki, na dawa hana. Kushoto hakuna kitu. Kulia nasikia mtu akiwa mbele yangu, nikimtazama midomo.

Patroni hakunifukuza. Alisema, “Utabakia kwa mipira, ndugu. Injini, apana.” Basi nashinda nikiziba mipira ya malori. Nilikuwa fundi, mwana wa fundi. Leo sijui mimi ni nani, na kuna asubuhi natamani kusingekucha.

Msalimie Mama, lakini usimsomee yote. Msalimie shangazi wa kwaya, na dada yangu mzazi. Mwambie picha ya mtoto nimeipokea, na pua ni yako wewe, Tata. Barua hii anakuletea yule mama muuza samaki, mtani wako, basi mpe hata chai.

Na sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Jumapili ile uliponipigia simu uliongea muda mrefu, na mimi nikawa najibu tu, “Ndiyo, Tata. Sawa, Tata.” Sikuambulia hata neno moja. Jana dada aliniandikia kwamba ulipokata simu ulilia kwa furaha, ukatoka na mguu huo mbovu kwenda kuwaambia majirani kwamba nimekubali. Nimeona haya kumuuliza. Niandikie wewe, Tata, nakuomba. Nimekubali nini?

Mwana wako,
Ngoy