Barua Yangu na Mbuzi wa Krismasi

Jumapili, 14 Disemba

Vita kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti yetu. Je, tufanye Krismasi ama tusifanye? Miaka kumi na tisa nimeishi hapa Nanyuki, na kila mwaka tunachinja mbuzi mmoja hapo uani, milango kumi na miwili, anakula kila mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa Kihara, aliyehamia nambari saba juzi tu na wokovu wake, anasema ati kuna majirani wa dini ingine na tunawalazimisha. "Tena nionyesheni mstari kwa Biblia inasema ishirini na tano!" Mathenge, mwenyekiti wetu, akamuunga mkono kwa amina tatu. Mathenge! Mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi, na alifuata chakula.

Hao "majirani wa dini ingine" ni nyumba moja tu. Mzee Jama na Mama Saadia, nambari nne, ukuta mmoja na mimi.

Jumanne, 16 Disemba

Kikao. Masaa mawili kwa baridi. Imeamuliwa sherehe itaendelea, ila nambari nne wasisumbuliwe. Katibu, yaani mimi, niandike barua. Nimeandika. Ukurasa mzima, muhuri chini! "Kwa kuheshimu imani yenu, kamati imewaondolea wajibu wote wa Krismasi, ikiwemo kuchinja na kupika." Nimeisoma mara tatu. Kiswahili safi, hata wanafunzi wangu ningewaonyesha. Nimeipitisha chini ya mlango wao.

Alhamisi, 18 Disemba

Nimemsalimia Mama Saadia kwa bomba. "Salama, Mwalimu." Basi! Mtu ambaye salamu zake huchukua nusu saa! Chai ya saa kumi nimekunywa peke yangu. Vitunguu vya pilau, ambavyo mimi humenya kila mwaka na yeye hupika, viko chini ya meza. Vimeanza kuota.

Jumamosi, 20 Disemba

Leo nimeelewa zile amina. Ni mutura!

Kila Krismasi Mzee Jama ndiye huchinja, ili nyama iwe halali kwa wote. Kila Krismasi Mathenge husogea na beseni ya kukinga damu, na Mzee Jama huisukuma kando kwa mguu. Damu inaenda mchangani, na bila damu utajaza utumbo wa mutura na nini? Sasa beseni haina adui. Mathenge amenunua mpya. Anasema tutachinja kiutamaduni, mbuzi azibwe pumzi kwanza, damu isipotee hata tone. "Kama guka zetu, mababu wale, Mwalimu." Huyu amezaliwa nyuma ya stendi.

Kwa hivyo nambari nne hawataonja hata mfupa. Na aliyewafungia mlango ni mimi, kwa wino wa bluu.

Jumatano, 24 Disemba

Shiku wa nambari tisa ameuliza kwa grupu, "Na pilau nani anapika?" Wote wamesoma. Baadaye Kihara akaandika: "Bwana atatupatia." Ndugu yangu, Bwana amekuwa akitupatia kupitia nambari nne miaka hiyo yote!

Nimefika mlangoni kwa Mama Saadia mara mbili, nikarudi. Naogopa. Watoto wangu wako mbali na mwaka huu hawaji. Nikimkosa huyu mama, sina mtu hapa mjini wa kugonga ukuta asubuhi kuuliza kama nimeamka. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaanza kutembea.

Alhamisi, 25 Disemba

Saa nne. Mbuzi yuko hai. Mathenge alimziba mdomo, mbuzi akamwuma kidole, akakanyaga beseni mpya ikapasuka. Sasa amefika kwenye kamba ya nguo, anatafuna shati ya Kihara, ile ya kanisa. Wanaume saba wanamtazama. Kumbe hakuna hata mmoja anayejua kuchinja! Wakanigeukia mimi. "Katibu, andika barua ingine ya kufuta ile."

Sikuandika. Nilienda nikagonga.

Mama Saadia alikuwa na barua yangu mkononi. "Soma, Mwalimu. Kwa sauti." Nikasoma yote. Mzee Jama anaangalia dari. Kwa "wajibu" nikapita haraka.

"Idi ulikula hapa kwangu," akasema. "Ulikaa hiyo kiti. Mimi nilikuandikia barua?"

Nikasema nisamehe, nilikuwa mjinga. Akasema, "Ndiyo," akaingia jikoni.

Saa tano na nusu. Niko kwangu, nalia na kuandika. Dirishani naona Mzee Jama ametoka na kisu chake. Aliyeshika miguu ya nyuma ni Kihara — Kihara wa mstari! — na shati yake imebaki mkono mmoja. Mathenge amefunga kidole na kitambaa, na bado ameinama na ile beseni iliyopasuka. Huyu mtu hakati tamaa! Mzee Jama ameiona. Anainua mguu.

Mama Saadia naye ametoka. Amebeba sufuria kubwa, ile ya ploti nzima. Hajaangalia upande wangu. Ameiweka kwa bomba, anaisugua. Imeng'aa kitambo. Bado anasugua. Watu wanampita na ndoo zao, yeye anasugua tu palepale.

Kisu cha vitunguu nilikiweka wapi —