Mbuzi Huyu, Mbuzi Hii

Kisumu Ndogo, Malindi
4 Februari 2025

Kwa Mjomba Ngowa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma. Sisi tu wazima, ila joto.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ulikataa kusoma jumbe zangu za simu zenye "xaxa" badala ya "sasa". Tarehe mosi Machi nitafanya maonyesho ya vitu vilivyotupwa. Kila kimoja kitakuwa na kadi ya maisha yake. Nina buti la mchimba chumvi wa Marereni, pasi ya mkaa, na mbuzi wa kukunia nazi niliyemwokota jaani kwako wakati wa Krismasi. Kadi yake ni hii: "Mbuzi huyu alitupwa na watu walionunua mashine ya kusagia nazi."

Nisahihishie, tafadhali.

Mpwa wako,
Kabibi


Kaloleni
10 Februari 2025

Mpwa wangu Kabibi,

Marahaba. Magoti hayajambo, yanayoniuma ni macho, kwa kusoma kadi yako.

Mbuzi anayekula majani ni "huyu". Mbuzi ya kukunia nazi ni "hii". Hiyo yako haili wala hailii. Hilo kosa la kwanza. La pili, ni mbuzi ya marehemu mke wangu, Phoebe, nawe hukuniomba. La tatu, nyumba hii haijawahi kuwa na mashine ya kusagia nazi. Niliitupa kwa kuwa ililiwa na mchwa.

Irudishe.

Mjomba wako,
Ngowa


Malindi
16 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa macho.

Nisamehe. Nilidhani kilichotupwa jaani hakina mwenyewe. Nimeandika "hii". Lakini nimeipekua yote, sikuona hata tundu moja la mchwa. Mguu umekatika, tena umekatika kwa uzito. Naye mkaza mjomba Phoebe alikuwa mwembamba kama ufito!

Sitaki kumsingizia mchwa mbele ya watu. Kadi nimeiacha tupu. Bila ruhusa yako na bila ukweli, sitaiweka. Nitaileta Kaloleni mwenyewe. Zimebaki siku kumi na tatu.

Mpwa wako,
Kabibi


Kaloleni
25 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa kuwa niliandika barua nne nikazichana.

Ni mimi niliyeivunja. Nilifundisha miaka thelathini na tisa bila kukuna nazi hata moja. Niliona si kazi ya mwalimu. Phoebe alipougua, siku moja alitamani wali wa nazi. Nikaiketia mbuzi, lakini niliiketia kinyume, jino la chuma likawa nyuma yangu. Akaniita kutoka kitandani:

"Mwalimu, unakuna nazi au unajikuna?"

Nikageuka kwa hasira. Mguu wa mbuzi ukakatika, nikaanguka chali, nazi ikabingirika hadi uani na jogoo akaikimbia. Phoebe alicheka mpaka akashika mbavu. Tukala wali bila nazi. Sikumsikia tena akicheka hivyo.

Baada ya mazishi sikuweza kuitazama. Sasa iweke, na uyaandike haya yote. Watu wakicheka, waache; yeye ndiye aliyeanza.

Mjomba wako,
Ngowa


Malindi
3 Machi 2025

Mjomba mpenzi,

Shikamoo mara mia.

Wamecheka! Bridgit, muuza samaki, alisoma kadi mara tatu, kisha akasema, "Heri mwalimu. Wangu aliketi juu ya sufuria, na ilikuwa na maharage." Kila aliyesoma alianza kusimulia cha kwao. Wageni wawili wa huko Kaloleni walitambua jina lako. Natumaini hutakasirika.

Mpwa wako,
Kabibi


Kaloleni
12 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti, sijui, sijapata nafasi ya kuyasikiliza.

Wageni wako walifika kabla ya barua yako. Kesho yake jirani yangu Chengo alibisha hodi, amekumbatia redio bubu, akitaka iandikiwe kadi. Alianza kusimulia saa tatu asubuhi. Saa saba tulikuwa tukila pamoja. Juzi Masha kaleta taa isiyo na kioo. Leo wamekuja watatu, mmoja na meno bandia ya babake, ambayo sikuyagusa. Tangu mazishi, baraza hili lilikuwa na kiti kimoja. Sasa nimeazima benchi la kanisani.

Vitu vimejaa hadi mlangoni. Tafuta gari uje uvichukue.

Ila usije upesi. Katika kisa chake, Chengo hajafika hata mwaka aliponunua betri.

Mjomba wako,
Ngowa