Mto Aliouvuka Kidevu

Mdogo wangu Zuhura,

Salaam aleykum. Kuna jambo nakuficha tangu Ramadhani: sina sauti tena. Madaktari wa huku Ujerumani walinipasua koo wakaondoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Ndiyo maana mjukuu wako Mwajuma akinipigia simu sipokei. Si kiburi. Sasa uvimbe umerudi, na safari hii wamesema hawapasui. Kwa hiyo naandika. Mwajuma akusomee taratibu mpaka mwisho, hata ukimwambia anyamaze.

Wewe hujambo lakini? Magoti bado yanakuruhusu kusujudu? Nimesikia mto umepanda tena mashambani na mpunga umelala. Poleni sana. Mimi nakaa chumba cha juu, dirisha linatazama ukuta. Mama mmoja wa Kipolandi huja asubuhi kuniogesha, ananiwashia televisheni, anakwenda zake. Siku nzima hakuna mwingine.

Juzi katika televisheni hiyo nilimwona Kidevu.

Unamkumbuka. Yule mwigizaji wa Kimarekani mwenye taya kama jembe, ambaye picha zake nilizizungusha na gari la sinema, Kibiti mpaka Mohoro. Jina lake halikukaa katika midomo ya watu, wakampa hilo. Kazi yangu ilikuwa kusimama na kipaza sauti kando ya kitambaa na kuwafasiria watu Kiingereza chake. Hakuwa na picha ndogo, mtu yule. Leo mfalme, kesho mtumwa, mwezi ujao jemadari. Farasi maelfu, kuta za miji zinaporomoka. Kule Nyamwage bibi mmoja alinisimamisha katikati ya sinema: "Wee bwana, huyu si alichomwa mkuki juzi tukamlilia? Leo kawa mfalme?" Nikamwambia amepona. Akasema, "Basi mwambie asiende tena vitani, mtu mwenyewe hasikii."

Nilimpenda. Nilikuwa sauti yake. Nilipokuja huku kufundisha Kiswahili chuoni niliendelea kumfuata. Nikamwona anabandikwa ndevu nyeupe, anapewa kuwa baba wa shujaa, kisha mfalme anayekufa mwanzoni mwa picha. Halafu watu wakachoka na picha za farasi maelfu, naye hakujua kuigiza mtu wa kawaida.

Juzi walirudia mahojiano yake ya uzeeni. Wakamwuliza kuhusu ile picha ambayo jemadari anavuka mto uliofurika kwa miguu, upanga juu, jeshi nyuma yake. Akacheka. Akasema haukuwa mto, lilikuwa bwawa la saruji ndani ya studio, na maji yalimfika mapajani tu. Alitembea amekunja magoti ili yaonekane yamemfika kifuani. Watu ukumbini wakapiga makofi. Mimi nilitaka kupiga kelele, hakikutoka kitu.

Picha hiyo ndiyo niliyoionyesha Ndundu, pale kivukoni.

Nusu ya habari unaijua. Mumeo Mbaraka alikuwa anarudi nyumbani kutoka Kibiti, mto umefurika, pantoni imesimama, nasi na gari letu tumekwama ukingo uleule pamoja naye. Unajua kwamba asubuhi aliingia majini kwa miguu. Unajua alipozikwa. Na tangu hapo umeamini kwamba ulimwua wewe, kwa sababu mlikuwa mmegombana, na nilipopita Mohoro kwenda Kibiti ulinituma kwake: "Mwambie asipokuwa hapa Ijumaa, asije tena." Kila aliyekuja kukuposa baadaye ulimrudisha. Ulisema mdomo wako unaua.

Nusu ya pili ni hii. Watu walikuwa wamechoka kungoja pantoni, wana njaa na hasira, nikaona niwafurahishe. Tukatundika kitambaa palepale ukingoni. Kidevu alipofika mtoni nikamwona Mbaraka amekaa mbele, juu ya mzigo wake. Unajua utani wetu ulivyokuwa. Nikasema kwenye kipaza sauti, kana kwamba ni jemadari anayenena: "Yuko wapi Mbaraka wa Mohoro? Mkewe analala peke yake, yeye anaogopa kulowa."

Watu wakaangua kicheko. Naye hakukosa jibu: "Shemeji, mwambie huyo Mzungu aniazime upanga."

"Upanga wa nini, nawe hata kisu cha kuvunia unaazima kwa mkeo?"

Sikuacha. Mpaka picha inakwisha nilikuwa namwita bwana harusi wa pantoni, na kulipokucha hata wauza maandazi walimwita hivyo. Alicheka nao kidogo. Kisha akaacha kucheka, akajitwika mzigo, akaingia. Maji yalipomfika kifuani alitugeukia akainua mkono juu kama Kidevu. Tulimshangilia, Zuhura. Mimi nilishangilia kuliko wote. Kisha ule mkono haukuwapo.

Matangani uliniuliza, "Kaka, ulimpa maneno yangu?" Nikaitikia kwa kichwa. Niliona ukiamini ni maneno yako, hakuna atakayeuliza yangu. Waliosikia kipaza sauti walikuwa wasafiri, wakatawanyika. Nami nikatafuta kazi ya mbali, nikazeekea huku kwa kulikimbia jicho lako. Mara mbili nilikata tiketi ya kuja. Sikufika hata uwanja wa ndege.

Nitazikwa huku, katika ardhi inayoganda, na sijui nani atanisalia. Usinisamehe kwa kumhurumia mgonjwa. Na hitima msinisomee, ila kama moyo wako utaridhia.

Msalimie Mwajuma, na anisamehe kwa kazi niliyompa leo. Msalimie mkweo, mama yake Mwajuma, anayekupikia. Msalimie jirani yako Bi Tatu wa kisimani. Msalimie mwanao Shabani, ambaye nilimnyima baba kabla hajajua kutembea. Mwambie mjomba wake ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na akili zake ni timamu.

Nimeaga kwanza kwa sababu nililiogopa hili la mwisho. Ule ujumbe wako wa Ijumaa sikumpa Mbaraka. Nilitaka acheke kwanza, nimpe sinema ikiisha, kisha nikausahau. Aliingia mtoni hajausikia.

Kaka yako,
Hamisi