Amplifaya ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Mada ya umeme tena. Nusu ya darasa hawajui chanya na hasi.
Mama mkwe alifika jana kutoka Makwasinyi. Amebeba kanda ya marehemu mumewe akiimba na kwaya. Nakala nyingine hakuna. Anataka kuisikia kwenye amplifaya ya marehemu, ile yenye redio na deki ya kanda, iliyo sebuleni kwetu. Fundi Mwakio wa sokoni aliisafisha mwezi uliopita, akaniuzia na spika mpya. Alitaka kuja kuziunga. Nikakataa. Waya mbili zimshinde mwalimu wa fizikia?

Jumanne, 5 Agosti
Nimeunga. Nikajaribu redio kwanza. Sauti nyembamba, besi hakuna. Mke wangu Wakesho akasema, "Si tumwite tu Mwakio?" Nilimfokea. Bure kabisa.

Jumatano, 6 Agosti
Kosa nimelipata. Spika ya kushoto nilikuwa nimebadilisha waya nyekundu na nyeusi. Nikaanza kugeuza bila kuzima. Haraka ya nini? Nyuzi za shaba zilichomoza, zikagusana. Tap! Harufu ya kuungua. Kimya.
Mama mkwe akatoka jikoni. "Kumetokea nini, Mwalimu?"
"Ni Mwakio, mama. Aliiharibu alipoifungua."
Sikufikiri hata kidogo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama mkwe amekwenda sokoni mwenyewe. Wakesho alimsindikiza, ndiye amenisimulia. Mama alimwambia Mwakio mbele ya wateja kwamba ameua sauti ya mumewe. Mwakio hakubishana. "Ileteni niione, mama."
Sikula. Nimesema ni tumbo.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumeipeleka. Mwakio akaangalia nyuma, pale waya zinapoingia. Alama nyeusi. Uzi wa shaba umeganda. Akaukwangua kwa bisibisi, akaniangalia. Mama mkwe amesimama kando yangu.
"Vitu vizee, mama," akasema. "Huchoka."
Nafasi ilikuwa hapo hapo. Nikaangalia viatu vyangu. Mwoga mimi. Miaka kumi na tisa nawaambia watoto wa watu waseme kweli.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa uani akichambua mchicha.
"Mama, ni mimi niliyeiunguza. Mwakio hana kosa."
Mikono haikusimama. Akamaliza fungu zima. Kisha akajifuta. "Na mimi nimemtukana mbele ya watu. Twende."
Sokoni alimwomba Mwakio radhi kwa sauti kubwa, wauza nyanya wote wakageuka. Halafu akanitazama. Nikasema yangu. Mzazi mmoja wa shule yetu alikuwa pale, ananunua vitunguu. Akasikia yote.
Mwakio alikuwa ameshabadilisha kilichoungua. "Ungezima kwanza, Mwalimu." Basi. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti
Mwakio amekuja baada ya ibada. Nilimshikia tochi. Alisokota kila ncha ya waya polepole mpaka ikakaza, ndipo akaiingiza. Akazitenga spika, akazielekeza kwenye kiti cha mama mkwe.
Kwaya ikatoka imejaa, sauti ya baba mkwe katikati, kama amesimama mbele ya kabati la amplifaya. Sikujua alikuwa anaimba vizuri hivyo. Wimbo ulipoisha, kabla rekodi haijakatika, mtu akakohoa.
"Ni yeye," mama mkwe akasema.
Akaomba kirudishwe. Si wimbo. Kikohozi.
Nikatoka nje, nikawaacha.