Wali wa Jana Ndani ya Duara la Chokaa

Mama yangu,

Leo asubuhi nimekaanga wali wako wa Kijava, nikiwa nimesimama ndani ya duara la chokaa. Hulijui duara hilo. Baba mdogo alilichora jana kwenye sakafu ya jiko lako, mara tu wageni wengi wa arobaini yako walipoaga: upana wa mabega ya mtu, mahali pa kufungulia shimo. Alisema majirani zetu wote hapa Kasulo wamekwisha kuchimba chini ya nyumba zao, ni sisi tu tunaokalia madini ya kobalti na kukaanga mayai juu yake. Tata, mume wako, alinyamaza. Unajua jinsi kunyamaza kwake kunavyokaribiana na kukubali.

Nami nilihutubia, Mama. Wanifahamu. Nilisimama kama nisimamavyo mbele ya wanafunzi wenzangu kule Lubumbashi, nikauliza ni watu gani wanaobomoa meko yao ili magari ya wengine yatembee kwa betri. Ni ardhi gani inayoitwa yetu ilhali tunaishi pembeni mwa mashimo yake. Tata alingoja nimalize, kisha akasema taratibu, "Umemaliza, mutoto? Bon. Kesho tutakula nini?"

Watu walicheka. Nililala na swali hilo. Nimeamka nalo.

Asubuhi nilimkuta shangazi aliyekuja kutoka Mutshatsha akitaka kuwamwagia kuku wali uliobaki kwenye kisomo cha arobaini. Nikaushika mkono wake, nikasema nitaukaanga tule. Akanitazama kana kwamba nimetukana: katika nyumba ya msiba, mbele ya wageni waliolala, kuwapa watu kiporo? "Kumbe ile université inafundisha kupika kiporo," akawaambia wenzake, nao wakapokezana kicheko hicho mpaka uani.

Shangazi hakuwapo ulipokuwa ukipika katika kantini ya wafanyakazi wa mgodi kule Mutoshi. Hakumjua yule mpishi mzee kutoka kisiwa cha mbali cha Java, aliyekuja na mafundi wa mitambo, ambaye hamkuwa na lugha moja naye mpaka Ramadhani ilipowakuta nyote wawili mmefunga. Yeye ndiye aliyekuonyesha kwamba wali ulioiva leo ukikaangwa leo hugeuka uji. Wewe ukatuletea somo hilo nyumbani kwa maneno yako, na kila nilipokosa subira ulinipiga kidogo mkononi: "Muchele ya leo haina akili bado. Iache ilale."

Basi nilifanya kama ulivyofanya. Nilichoma ndagala, dagaa wetu wakavu, juu ya makaa, nikawatwanga pamoja na vitunguu na pilipili, kwa kuwa wale kamba wa baharini waliosagwa wa mpishi wako hawakupata kufika hapa Kolwezi. Nilichemsha mchuzi mweusi wa soya na sukari mpaka ukawa mzito. Mafuta yalipopata moto, harufu ilitoka, na... Mama, niliacha mwiko. Nilikaa chini kidogo. Kisha nikaendelea, maana vitunguu havimsubiri mtu.

Wali ulikubali, punje kwa punje. Niliweka yai juu ya kila sahani. Shangazi alikula akiwa ameupa ukuta uso, akaomba tena bila kunitazama. Baba mdogo naye alimaliza, akafuta mdomo, akauliza vijana wa kuchimba waje lini.

Tata aliutazama ukoko sahanini. Halafu akalitazama duara, na nyayo zangu zilizolifuta nusu.

"Hii mambo nayo," akasema, "iache ilale."

Ni maneno yako, Mama. Tangu tukuzike hakuwa ametamka neno lako hata moja.

Sikudanganyi: sikushinda. Jambo lililolala huamka, na sahani moja ya wali si jibu kwa baba mwenye watoto wa kulisha. Lakini nimejifunza kwamba hoja yangu ilikuwa ya moto tu, haikuwa imelala. Narudi chuoni kesho, na safari hii sitatafuta kupigiwa makofi. Natafuta jibu la swali la Tata.

Kwaheri, Mama. Ardhi ikuwie pana huko uliko. Nakuahidi kila nirudipo nitawasha mbabula yako ya makaa papo hapo, katikati ya duara. Nusu iliyobaki ya chokaa sijaifuta. Nitaifuta siku nitakapoweza kumwambia Tata, bila hotuba, kesho tutakula nini.

Mwanao