Ufizi wa Kubebeshwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepiga mswaki mara mbili kabla ya kwenda shule, kama kawaida. Kwa nguvu, kama kawaida. Dawa ya meno kwanza, halafu mkaa wa kusaga na chumvi, mpaka fizi ziwashe. Zisipowasha hujasafisha. Ndivyo nilivyolelewa.

Jino la mbele la chini, la kushoto, limezidi kurefuka. Maji ya baridi yakiligusa nashtuka mpaka sikioni. Leo Shamsa wa Darasa la Kwanza kaniuliza mbele ya wenzake kwa nini jino langu moja refu. Nikamwambia asome ubaoni. Nimeudhika kutwa nzima, na si kwa sababu ya Shamsa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa daktari wa meno, hapa hapa Kibaha. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Nikaamkiwa shikamoo na binti mwembamba, nikamjibu marahaba, nikamuuliza daktari yuko wapi. Akasema ni yeye. Daktari Neema, kwao Singida. Hakukasirika. Aibu ikanipata mimi.

Jino halijarefuka. Ufizi ndio umeteremka, mzizi uko nje. Akaniomba nimwonyeshe ninavyopiga mswaki. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akanitazama kwa huruma: "Mwalimu, hapo husafishi. Unakwangua."

Miaka arobaini na kitu nakwangua!

Ufizi uliobaki pale ni mwembamba mno. Ukiendelea kushuka, jino litalegea na kutoka. Tiba yake: anakata ngozi nyembamba kwenye kaakaa, huko juu ya ulimi, anaishonea chini ya jino ikaote hapo. Nikaomba arudie. Akarudia, akanichorea na picha. Anachora vizuri kuliko mimi.

Sitaki. Naogopa visu. Lakini nimeukumbuka mdomo wa mama.

Jumapili, 10 Agosti

Mzenga, kwa mama. Kabakiwa na meno manne. Hayakuoza yale mengine, yalilegea tu, moja moja, mpaka yakaisha. Akicheka anaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Tangu nasoma sekondari sijamwona akicheka mdomo wazi. Sasa najua kwa nini yalitoka. Ni mkaa ule ule, chumvi ile ile, na mkono wake ndio ulionifundisha.

Nilikuwa na hasira njia nzima. Nimemweleza habari ya upasuaji, nikaongeza kwamba mkaa wake ndio ulionifikisha hapa. Akaenda kwenye miche yake ya mikorosho. Mama anabebesha mikorosho: anachukua kikonyo, kitawi kichanga cha mti unaozaa vizuri, anakichomeka kwenye mche mwingine, anafunga utepe wa plastiki, anasubiri vishikane. Watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kumchukua awabebeshee.

Nimeondoka bila kumwomba radhi. Mbaya mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Imekwisha. Naandika kwa sababu kuongea ni shida.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu. Nilitazama macho yake juu ya barakoa. Hayakuyumba. Uzi mwembamba kuliko unywele, fundo dogo, tena fundo dogo. Simu ililia mezani ikanyamaza yenyewe, hakuitazama. Katikati ya kazi alininyanyulia kipande chenyewe nikione. Kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hicho ndicho kitakachoniokolea jino! Nilitaka kupiga makofi, mikono ikawa chini ya shuka. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini na sita, kazi safi naijua. Huyu binti ningempa vema kubwa, wino mwekundu.

Masharti. Chakula laini, cha baridi. Mswaki usifike pale. Kusukutua bila kusukasuka. Na lililo kubwa: nisivute mdomo kutazama wala kumwonyesha mtu mpaka yeye aseme. Kipande bado hakina damu yake, kikitikiswa kinakufa. Akanitaka niyarudie yote. Nikayarudia kwa ulimi mzito, bila kukosa hata moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama kaja. Mume wangu, Baba Salma, yuko Dodoma kikazi, nadhani ndiye aliyempigia. Kafika na mchele wa kusaga kwa ajili ya uji. Ya Jumapili hajayagusa. Nami sijayagusa. Kidevu kimevimba.

Ijumaa, 15 Agosti

Wageni. Walimu wenzangu watatu, halafu jirani Mama Joni na kundi lake. Mama alikuwa sokoni. Kila mmoja pole kwanza, kisha: "Hebu tuone." Mtu kaacha shughuli zake kaja na papai kukujulia hali, utamnyima nini? Na kidonda mtu huonyesha, ndivyo tulivyo. Nikavuta mdomo chini. Mara saba.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Sikulazimishwa sana. Nilikuwa najisifia. Wakishangaa zile nyuzi, nilijiona kama nimezishona mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Damu kwenye mto. Uzi mmoja umelegea. Nimemwambia mama kila kitu.

Sijamwona na hasira hivi tangu utoto wangu. "Wewe Tatu! Nikibebesha mche, akaja mtu akafungua utepe atazame kama umeshika, utashika?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi wewe umefungua mara saba. Tena mwalimu."

Nimempigia Daktari Neema. Kasema nikandamize taratibu kwa kitambaa safi chenye maji baridi, nisiguse kingine, Jumatatu nifike. Mama akachukua kigoda akakaa mlangoni. Waliokuja walipewa chai nje na jibu moja: "Mgonjwa anawasalimu. Haonyeshi." Mama Joni kanuna. Na anune.

Jumatatu, 18 Agosti

Kipande cheupe pe. Nilipokiona kwenye kioo cha daktari moyo ulikufa. Nikajua kimeoza, jino linakwenda, nami nitaanza kuziba mdomo kwa kanga.

Daktari anasema weupe ni kawaida siku hizi za mwanzo, ila pembe moja imetikisika na huenda ikafa. Sehemu iliyobaki hawezi kuahidi. Tusubiri. Kafunga tena ule uzi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Mama akamweleza habari ya utepe. Kumbe walikuwa wanangojana. Wakaanza: kikonyo kiwe na unene gani, mche usipokuwa na maji ya kutosha inakuwaje, siku ngapi kabla ya kufungua. Daktari anauliza kweli kweli, mama anamjibu "sikiliza, mwanangu daktari", na mimi katikati yao mdomo wazi, mate yananitoka. Niliwatazama nikasahau woga. Mmoja hakumaliza darasa la saba, mwingine kasoma miaka sijui mingapi, na wote wawili wanajua kitu kimoja ambacho mimi sikijui. Kuacha kitu kitulie.

Ijumaa, 22 Agosti

Hakuna jipya. Uji. Mama kageuza kioo cha bafuni kikatazama ukuta. Sijakigeuza.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeota jino limedondoka kwenye sanduku la chaki. Asubuhi nimeligusa kwa ulimi, kisha nikajilaani kwa kuligusa. Sina subira hata kidogo. Mama kaona, kaninyooshea kidole tu.

Jumatano, 27 Agosti

Kimeshika!

Ameondoa nyuzi zote. Pembe ile imekufa kweli, kiasi cha punje ya mtama, na hiyo nimeiua mwenyewe kwa sifa zangu. Kwingine kote ni rangi ya waridi. Akakigusa kwa ncha ya pamba, kikapauka, akaiondoa, rangi ikarudi. Akatuonyesha mara mbili, mimi na mama. "Damu imeingia, mwalimu. Sasa ni chako." Jino linabaki.

Nimelia kwenye kiti cha watu. Daktari Neema kanipa karatasi laini nijifute, na yeye kajifuta jicho akidhani sioni. Nampenda yule binti. Kila siku anakaa kwenye chumba kile kidogo akifanya maajabu ya ukubwa wa ukucha, halafu anaita anayefuata.

Nyumbani nimemwomba mama radhi kwa yale ya Mzenga. Alikuwa anafunga mzigo wake. Akasema mkaa na yeye alifundishwa na mama yake, na kwamba siku ile aliposimama kwenye miche hakuona hata mche mmoja kwa machozi. Akaendelea kufunga mzigo.

Jumapili, 5 Oktoba

Mzenga. Nimemchukulia mama dawa ya meno na mswaki laini, mwenzake wa huu ninaoutumia mimi sasa. Nilikuwa nimeuficha kwenye mkoba, sijui nianzeje. Akaniwahi mwenyewe baada ya chai. "Nifundishe huo mswaki wenu wa taratibu. Haya manne nayataka."

Tukakaa uani, karibu na ndoo. Nikamshika mkono. Kuanzia kwenye ufizi kwenda juu, duara ndogo, bila kukandamiza. Mkono wake una nguvu ajabu. Ulinipinga mwanzoni, ukawa unataka kwenda kwake kule kule kwa zamani. Nikausubiri. Ukalegea. Jino la kwanza, la pili.

Akasukutua, akauliza kama yametakata kweli, mbona hayawashi. Nikamwambia yametakata, mama. Akaomba kioo. Akanitaka nami nivute mdomo, maana sasa inaruhusiwa, akautazama ufizi wangu kwa muda, akausogelea kabisa, kama anavyokagua mche kabla ya kumpa mwenyewe. Akasema yule binti ana mkono. Kisha akajitazama yeye na meno yake manne, akacheka. Kanga ilibaki begani.

Tumemwagilia miche. Nimerudi Kibaha kabla ya magharibi.