Ngoma ya Kushikana

Kambi ya utafiti wa madini,
Rwamgasa, Geita.
Jumapili mchana.

Mama Masanja mke wangu,

Mwangaluka, hata kama barua hii itakukuta jioni. Habari za hapo kwa baba, mtaani Kambarage? Masanja na mdogo wake wameamkaje? Lile jino la Masanja limeshang'oka, au bado anakataa kufungua mdomo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, tangu kaka yako aliponiletea maneno yako: kwamba umerudi kwa wazazi wako, na kwamba mimi nibaki huku huku na huyo ninayemkumbatia.

Lisemwalo lipo, mke wangu, sitakudanganya. Yule muuza vitenge aliyepita hapa kambini alichungulia dirishani, akaniona nimeshikana na mwanamke mchana kweupe. Alichoona ni kweli. Ila hakungoja kuuliza, kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe.

Mwanamke huyo ni Mama Kulwa, mjane anayefua nguo za kambi. Ana wajukuu watatu, na mimi ananiita mwanangu, hasa ninapomkanyaga. Sasa sikia tulivyofika huko. Fundi mkuu wa mashine za kuchoronga miamba ni mtu wa Ajentina. Mkewe, Bibi Rosa, amekaa nchini miaka mingi na Kiswahili anakiweza. Anasema kwao Jumapili watu hukutana kucheza ngoma iitwayo tango, mwanamume na mwanamke wameshikana, wala si harusi wala si mashindano, ni kupumzika tu. Mumewe goti limeharibika, hachezi tena. Basi bibi wa watu akaleta redio kaseti kwenye bwalo la chakula, akasema anayetaka kujifunza aje.

Unanijua. Mimi niliyekuwa narusha jembe juu na kulidaka nyuma ya mgongo kwenye ngoma yetu ya bugobogobo, nishindwe na ngoma ya kutembeatembea? Nikaenda kifua mbele, na mabuti yangu ya kazi.

Jumapili ya kwanza hatukucheza. Tulifundishwa kutembea! Mtu mzima na ndevu zangu, nafundishwa kutembea. Anayeongoza hasukumi kwa mikono. Anageuza kifua kidogo, kisha anamngoja mwenzake aweke mguu, ndipo naye anakanyaga. Huko kungoja ndiko kulikonishinda. Mama Kulwa alivaa kandambili, mimi mabuti, na wiki nzima alikuwa anachechemea kwenye kamba ya nguo.

Jumapili ya tatu tulikuwa wanaume wanne na wanawake wanne, tunazunguka bwalo. Wachorongaji wamejaa madirishani. Nikamwona mpishi na mwenzake wanapigiwa makofi, na damu ya Wagalu, kundi letu la ngoma, ikanichemka. Wajua kwetu: makundi mawili uwanjani, linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Nikamwachia Mama Kulwa. Nikaruka hadi dirishani, nikatikisa mabega, nikajitupa chini na kuinuka. Miluzi ikapigwa, watu wote wakahamia upande wangu. Nikasema moyoni, tumewamaliza.

Kaseti ikazimwa.

"Umemshinda nani?" Bibi Rosa akaniuliza.

"Hawa," nikamwonyesha mpishi.

"Hawa hawashindani na wewe. Mwenzako yuko wapi?"

Nikageuka. Mama Kulwa alikuwa amesimama katikati ya bwalo, mikono bado iko juu vile vile nilivyoiacha, hajui aishushe au angoje.

"Yaya, hapana mwanangu," akasema polepole. "Hata hukuniaga."

Mama Masanja, pale nilikuona wewe. Nilikumbuka mwaka ule baada ya mavuno, tulipowashinda wapinzani wetu Wagika. Ulisimama pembeni ya uwanja na Masanja mgongoni, mwili wake unachemka kwa homa, na tulikuwa tumekubaliana kwamba ngoma ikiisha tu tunampeleka zahanati. Watu wakanibeba juu juu, nikaenda nao. Ulimpeleka peke yako. Hukuwahi kulitaja jambo lile, nami nikadhani umesahau. Kumbe ulinyamaza tu. Naona aibu, mke wangu. Nisamehe. Ningeliomba hili siku ile ile kama ningekuwa na akili.

Sikuacha kujifunza. Mama Kulwa nilimwomba radhi, akacheka, akaniambia nivue mabuti kwanza. Siku ile muuza vitenge alipochungulia ndiyo siku nilipozunguka bwalo lote bila kumkanyaga wala kumwacha. Tulipomaliza akanishukuru, "Wabeja, mwanangu, leo tumetembea wote." Nilifurahi kuliko siku ya kubebwa.

Siku hizi nikiwa kazini, napanga yale mawe yanayotolewa ardhini, nawaza safari zetu za sokoni. Mimi mbele mikono mitupu, wewe nyuma na kikapu kichwani, na bado nageuka kukufokea kwamba unachelewa. Kutangulia si kufika, nami nimetangulia sana.

Baba na mama wape shikamoo zangu, na uwaambie sikukimbii wala siwakimbii. Kaka yako mwambie sina kinyongo naye, ujumbe aliufikisha kama ulivyomtuma, hata ukali hakuupunguza. Dada yangu anayeuza mchele hapo sokoni mjulie hali. Mama Kulwa anakusalimu. Anasema ukitaka ushahidi, atakuonyesha vidole vyake vya miguu.

Nimepewa likizo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitashuka stendi ya Shinyanga. Sikuamrishi uje. Nitasimama pale pale nitakaposhukia. Ukija, mizigo nitabeba mimi, na hatutaondoka mpaka wewe uweke mguu kwanza. Ukichelewa nitangoja. Usipokuja kabisa, nitakuja taratibu hadi mlangoni kwa baba yako, nisimame nje, ningoje hapo.

Ni mimi mumeo,
Baba Masanja